Bonde Lisilo na Upepo

Bitter Wells, Wyoming
9 Septemba 1964

Mwanangu Maretta,

Mimi mzima, pikapu nzima, kuku watatu wameliwa na mbweha. Upepo ni ule ule. Nimekaa jikoni na penseli niliyoichonga kwa kisu, na usinicheke mwandiko. Wewe umesoma mpaka wakakupa kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya barabara huko Cheyenne. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na mmoja kati ya hiyo niliumaliza kitandani na surua. Lakini kwa miaka thelathini na moja niliendesha lori la kusukuma theluji katika barabara namba thelathini, na hakuna mtu katika wilaya hii, aliye hai au aliyezikwa, anayeijua theluji kama mimi. Uliza popote.

Nakuandikia kwa sababu nimeona kichekesho. Jumatatu nilikwenda kukagua uzio upande wa kusini, nikakuta vigingi. Vipya, kila kimoja na kitambaa chekundu kichwani, vimepangwa kutoka mashariki kwenda magharibi, na vyote vinashuka moja kwa moja ndani ya Bonde la Ida. Kulikuwa na wapima ardhi wawili. Nikawauliza wanamzika nani. Wakasema ni barabara kuu mpya, ile ya njia nne, itakayotoka bahari hii hadi bahari ile. Nikawauliza akili hizo ni za nani. Wakasema mstari umetoka ofisini, wao wanapigilia tu.

Ofisini ni kwenu huko. Hebu niulizie ni mpumbavu gani aliyeuchora. Nataka jina lake kamili. Mkutano wa hadhara ni tarehe kumi na tano Oktoba, shuleni hapa, na wahandisi wanakuja wenyewe. Nitasimama. Wakishanisikia watarudi na vigingi vyao kwapani.

Baba yako,
Orrin Sutliff


Cheyenne
17 Septemba 1964

Baba mpendwa,

Barua yako nimeipata. Pole kwa kuku.

Mimi huchora ninachopewa. Mstari kama huo hupita mikononi mwa watu wengi, si rahisi kusema ni wa fulani. Wakubwa wanaupenda kwa sababu unapunguza maili kumi na tisa, tena unakwepa ule upepo wa kaskazini unaoangusha malori kwenye barabara ya zamani.

Ila kicheko chako sikukielewa. Bonde la Ida si ndiko tulikokuwa tukienda kula kila Julai, wewe na Mama na mimi? Mama alikuwa anavua kitambaa chake cha kichwani. Ndipo mahali pekee nje ya nyumba nilipowahi kuona nywele zake. Na wewe ulikuwa unasema kila mwaka, kwa sauti ya kanisani, kwamba hapa ndipo mahali pekee wilayani ambapo upepo haujawahi kufika. Kuna ubaya gani barabara ikipita palipotulia?

Nakuomba usiguse vigingi. Ni mali ya serikali. Na hilo swali langu la mwisho, nijibu mapema.

Maretta


Bitter Wells
24 Septemba 1964

Mwanangu,

Vigingi nimeng'oa ishirini na saba. Si kwa hasira. Nimevifunga vizuri kama kuni, viko ghalani, wakivitaka waje kwa adabu.

Umeniuliza ubaya uko wapi. Mtoto wangu mwenyewe kuniuliza hivyo kumenifanya nizunguke jikoni mpaka mbwa akachoka kunifuata. Sikiliza. Theluji ya huku haianguki ikatulia. Upepo unaihamisha. Unaizoa maili sitini huko na kuikokota juu ya ardhi kama mtu anayefagia uwanja. Unapopiga kwa nguvu, haikai. Ndiyo maana barabara ya zamani, pamoja na matusi yote inayotukanwa, ilipitika: imekaa mgongoni mwa vilima, upepo unaifagia bure. Lakini upepo nao unachoka, na ukichoka unatua mzigo. Unautua palipotulia. Tazama vichaka. Kule mgongoni vinakufika kwenye kifundo cha mguu. Bondeni vinamfika farasi kifuani, kwa sababu vinanyweshwa theluji mpaka Juni. Nilikuwa nikiliona bonde lile kutoka kwenye lori kila majira ya baridi: futi kumi na tano, mwaka mwingine ishirini, na juu laini kama kitanda kilichotandikwa. Humo ndimo wanamotaka kupitisha mabasi. Watu watafia kwenye viti vyao, mikoba mapajani.

Mchunga kondoo yeyote wa huku anayajua haya. Mstari ule umechorwa na mtu aliyekuja Julai, akatandika shuka, akala kuku wake, akaondoka.

Shida yangu ni mji. Mstari wa bondeni unapita nusu maili kutoka kwetu, na tutapewa njia ya magari kutoka barabarani na kuingia mjini. Ukihamia kaskazini, mgongoni, tutabaki maili kumi na nne kutoka kwenye magari. Kallas, yule Mgiriki wa mkahawa, ameshapaka rangi ukuta mzima na kuandika KARIBUNI kwa herufi za kuonekana kutoka mwezini. Wote wanautaka wa bondeni. Nitasimama hata nikiwa peke yangu. Nimezoea kuwa peke yangu nikiwa sahihi.

Baba yako,
Orrin


Cheyenne
1 Oktoba 1964

Baba,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimeomba kuhamishiwa meza nyingine, sitaki tena kukaa penye dirisha, halafu nimeomba kurudishwa.

Jambo moja ulijue kabla ya mkutano. Katika faili kuna ushahidi wa mtu wa huko huko Bitter Wells, kwamba bonde limetulia. Wahandisi waliuamini kuliko vipimo vyao. Jina siwezi kulitaja kwenye barua. Siku hiyo sema yote uliyoniambia mimi, ya upepo na ya vichaka, ila usimtukane mtu huyo. Huenda alisema alichokiamini.

Maretta


Bitter Wells
7 Oktoba 1964

Mwanangu,

Mtu huyo nimempata. Ni Kallas. Hukutaja jina lakini mimi si mjinga.

Niliingia mkahawani saa ya chakula, watu wamejaa, nikamwambia mbele yao kwamba mtu anayetia maji kwenye supu hashindwi kutia maji kwenye ushahidi. Akaniuliza ushahidi gani. Nikamweleza. Akaapa kwa mama yake na kwa mtakatifu ambaye jina lake siwezi kuliandika kwamba tangu ashuke melini hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwuliza chochote, hata jina lake hawakumwuliza, walimwandikia tu walilopenda. Nikamwambia waongo wote huapa. Ndipo akaweka sufuria chini.

"Mzee Orrin," akasema, "huo mdomo wako ungefungwa mbele ya lori, theluji isingebaki wilaya hii."

Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Nikatoka. Nilikuwa nimefika nyumbani kwa miguu ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda na pikapu.

Hotuba ninayo yote kichwani. Kila asubuhi naitoa mbele ya ng'ombe, na hakuna aliyepinga.

Orrin Sutliff, Baba yako


Bitter Wells
16 Oktoba 1964

Maretta,

Mkutano umefanyika. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nilisimama, nikasema, wakapiga makofi. Basi.

Upepo umeng'oa bati la ghala, nimeliokota kwa jirani. Sikukuu ya Shukrani usijisumbue kuja kama kazi ni nyingi, njia si nzuri. Na usiniulize sana mambo ya mkutano. Mkono unaniuma, nadhani ni hii penseli.

Baba


Cheyenne
26 Oktoba 1964

Baba,

Kumbukumbu za mkutano zimefika ofisini. Nakunukulia ukurasa wa sita: "Mhandisi alisoma maneno ya Bw. Orrin Sutliff, dereva wa lori la theluji kwa miaka thelathini na moja, kwamba bonde hilo ndilo mahali pekee wilayani ambapo upepo haujawahi kufika. Bw. Sutliff aliulizwa kama maneno hayo ni yake. Alijibu: Ndiyo, ni yangu. Makofi."

Nikafunua ukurasa wa saba nikitafuta mengine. Wa saba ni mambo ya mifereji.

Sasa zamu yangu. Kallas hana kosa, nenda ukamwombe radhi. Huyo mtu wa Bitter Wells ni mimi. Mwezi wa tatu Bw. Whitcomb, mhandisi wetu mkuu, alikuwa na mistari miwili mezani, wa kaskazini na wa bondeni, akauliza chumba kizima kama kuna anayepajua. Nina miaka tisa katika chumba kile, na swali pekee nililowahi kuulizwa ni kama kahawa ipo. Nikasimama. Nikasema maneno yako, neno kwa neno, nikataja na kazi yako. Akaandika. Kisha akanipa mimi huo mstari niuchore, na juu ya bonde, ambalo halikuwa na jina katika ramani yoyote, nikaandika jina la Mama: Bonde la Ida. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ndefu makusudi, kwa furaha.

Mimi sikudanganya, Baba. Bonde lile sijawahi kuliona ila Julai. Lakini wewe ulikuwa umeliona Januari.

Jana nilikwenda kwa Bw. Whitcomb nikamwambia nilikosea. Akaniuliza kwa upole kama baba yangu amenikaripia. Kisha akanionyesha ukurasa wa sita. Neno langu haliwezi kufuta lako. Ushahidi wa maandishi unapokelewa hadi tarehe kumi na nne Novemba. Baada ya hapo mstari unakwenda kwa wenye kusaini, na vigingi vinageuka kuwa lami.

Ni wewe tu, Baba.

Maretta


Bitter Wells
2 Novemba 1964

Maretta,

Nilitaka nisikujibu. Siku nne nimetengeneza milango isiyoharibika. Nimefungua injini ya pikapu nikaifunga tena kama ilivyokuwa.

Nilisimama kweli. Hotuba ilikuwepo yote. Kabla sijafungua mdomo, huyo Whitcomb akasema ana shahidi mmoja anayemheshimu kuliko vyombo vyake vyote, akavaa miwani, akasoma. Nikasikia jina langu. Nikasikia miaka yangu. Mwanangu, mimi sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa kutoka kwenye karatasi. Yalikuwa mazuri. Ukumbi mzima ukanigeukia. Kallas, niliyemtukana wiki iliyotangulia, akainuka akanishika bega. Whitcomb akaniuliza kama maneno ni yangu. Ni yangu, ningesemaje? Nikasema ndiyo. Nilikuwa na "lakini" mdomoni, naapa, lakini makofi yakaanza, nikakaa.

Nilijua papo hapo ni wewe, maana maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu mwingine isipokuwa mama yako. Nikajiambia nikiyakana namwaibisha mwanangu mbele ya wakubwa wake. Kisingizio hicho kilinitosha siku mbili.

Sasa la mama yako. Mwaka wake wa kwanza hapa upepo ulimtesa. Alikuwa anaziba matundu ya funguo kwa matambara, kisha anakaa katikati ya chumba ameshika masikio. Alishafunga sanduku arudi kwao Iowa. Nikamwomba wiki moja. Nikapanda farasi nikatafuta, nikalipata lile bonde, nikampeleka, ilikuwa Julai. Akavua kitambaa. Nikamwambia upepo haujawahi kufika hapa. Akasema, "Basi nitakaa." Miaka ishirini na sita, kila nikirudi kutoka kusukuma theluji, alikuwa ananiuliza bonde linaonekanaje leo. Nami namwambia limetulia. Nimetoka kuliona sasa hivi limejaa theluji hadi mdomoni, na namwambia limetulia.

Kuyafuta maneno yale ni kumfuata kaburini nikamwambie. Hilo ndilo lililonizungusha siku nne, wala si Whitcomb.

Leo asubuhi nimekwenda huko. Theluji ya kwanza ilianguka juzi. Mgongoni haipo hata ya kujaza kofia. Bondeni nilizama hadi kiunoni, na kiatu kimoja kiko huko mpaka Juni.

Kallas nimemwomba radhi. Amenisamehe upesi mno, kwa sababu ya ule ukurasa wa sita. Hajui habari za karatasi ninayokuwekea humu. Sahihisha herufi. Maneno usiyaguse.

Baba yako


Bitter Wells
2 Novemba 1964

Kwa wahandisi wa barabara kuu,

Mimi ni Orrin Sutliff, miaka sabini na miwili, ninayejua theluji kuliko ninyi nyote mkiwekwa pamoja.

Maneno mliyoyasoma shuleni ni yangu. Binti yangu aliyewapa hakuongeza wala hakupunguza. Msimfukuze. Mkimfukuza mtakuwa mmemfukuza mtu pekee ofisini humo aliyewahi kukaa kwenye nyasi za mahali penyewe.

Nilisema bondeni hapana upepo. Ni kweli. Nikaacha kusema kwamba kwa sababu hiyo theluji yote ya wilaya inakwenda kulala humo, futi kumi na tano, futi ishirini, kuanzia Novemba. Nilijua na nikanyamaza. Niliyasema ili mwanamke asirudi kwao, na hakurudi. Kumwambia yeye sijutii. Kuwaachia ninyi mkaamini, hilo najutia, maana yeye alikuwa anakwenda pale na kikapu na ninyi mnakwenda na mabasi.

Njooni Februari. Leteni fimbo zenu za kupimia, mwazime na za jirani. Nitawapeleka mgongoni, ambako mtaweza kusimama lakini hamtasikilizana, halafu bondeni, ambako mtasikilizana vizuri lakini hamtaweza kusimama. Mkikuta nimedanganya tena, pitisheni barabara jikoni kwangu.

Watu wa mji wangu hawakunituma niandike haya. Wakijua, hawatanipenda. Mstari wenu wa kaskazini utatuacha mbali. Uchoreni hivyo hivyo.

Orrin Sutliff


Cheyenne
21 Aprili 1965

Baba,

Umesainiwa. Ni wa kaskazini.

Bw. Whitcomb hajaacha kusimulia safari yetu ya Februari: fimbo tatu zimeunganishwa, zimezama zote, hazijagusa ardhi, na wewe ukingoni, juu ya farasi, unamwuliza kama angependa kushuka akatafute lami. Mimi nakumbuka kingine. Hapakuwa na upepo mle hata kidogo. Nilikuwa nasikia saa yangu ya mkononi.

Mstari mpya nimeuchora mimi. Nilipofika usawa wa Bitter Wells nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikaenda tena. Maili kumi na nne kwenye ramani ni upana wa vidole viwili. Nimewahamisha watu wote ninaowajua kwa vidole viwili.

Sasa Bw. Whitcomb huniuliza mambo. Mara nyingi namwambia sijui, twende tukaone Januari. Ananuna, halafu anaandika.

Watu wa huko wamekwambia nini?

Maretta


Bitter Wells
30 Septemba 1965

Mwanangu,

Umeniuliza mwezi wa nne na nimekaa kimya mpaka leo kwa sababu hakuna aliyeniambia kitu. Hawasemi. Kahawa nakunywa nyumbani. Kanisani benchi langu lina nafasi ya kulala. Mimi sijali, nalisema hilo mara mbili kwa siku na mbwa ananiamini. Nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani ni sita. Nazizungukia kila asubuhi, sijui natafuta nini, kisha narudi, kisha natoka tena.

Jana Kallas alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema anahamia mji wa Rawlins, kwenye barabara mpya, lori liko nje, na wanaume wote waliobaki mjini ghafla wana migongo mibovu. Nikachukua glavu.

Tulitoa meza, tukatoa viti, tukatoa sanamu ya mtakatifu wake. Likabaki friji lile kubwa la nyama. Tukalinyanyua, yeye mbele mimi nyuma, na tulipofika katikati ya mlango akasimama. Akanitazama juu ya friji.

"Zile fimbo tatu," akasema. "Ni kweli hazikugusa chini?"

"Hazikugusa."

"Na basi lingepita humo."

"Lingeingia," nikasema. "Kupita, hapana."

Upepo ulikuwa unaupiga mlango mgongoni kwake. Mikono yangu sasa ina miaka sabini na mitatu, lakini nisingelitua kabla yake hata kama lingenivunja.

"Haya, mzee," akasema. "Nyanyua upande wako, unalegea."

Sikuwa nimelegea. Nikanyanyua.

Baba yako,
Orrin Sutliff